Kipengele cha Breki

Fundi Awadhi alijivuta kutoka chini ya gari, akakaa kitako juu ya boksi alilokuwa amelilalia, akafuta mikono kwa kipande cha fulana. Alisema gari linawaka, linaingia gia zote nne na linakwenda vizuri. Kisha akasema halisimami.

"Halisimami vipi?" Jovitha aliuliza.

"Halisimami, dada. Ukikanyaga breki, pedeli inakwenda mpaka chini kama umekanyaga godoro. Masta inayosukuma mafuta ya breki imekufa. Paipu zimeliwa na kutu. Silinda za magurudumu ya nyuma zimeganda. Hapa hakuna breki, kuna historia ya breki."

"Na breki ya mkono?"

"Inashika ikitaka."

Ilikuwa Alhamisi, siku tano kabla ya safari. Gari lenyewe, Pijo 504 ya mwaka 1978, lilikuwa uani nyuma ya duka la familia, mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na mtu ambaye hakuyasikia maneno ya Awadhi angesema kazi imekwisha. Bodi ilikuwa imenyooshwa na kupakwa rangi ya maziwa. Bampa zilikuwa zinang'aa hata kivulini. Ndani kulikuwa na viti vya ngozi ya kahawia vilivyotolewa kwenye gari la Kijapani, na redio yenye kioo iliyoweza kuonyesha video. Marehemu Isidori, aliyeliacha gari hilo, alilitumia kubebea katoni za sahani na vikombe kwa miaka thelathini na hakuwahi kuliwekea hata kaseti.

Ukoo ulipokaa Rombo kumaliza matanga, uliamua gari lisiuzwe. Watoto walifufue, na mjane, Theopista, aende nalo nyumbani kwenye misa ya mwaka mmoja, tarehe ishirini na saba Desemba. Benedict, mtoto wa kwanza, aliunda kamati siku hiyohiyo. Familia hii ilijua njia moja tu ya kufanya jambo kubwa, nayo ni ile ya harusi: mwenyekiti, katibu, kundi la WhatsApp, na vipengele. Kwenye harusi mmoja huchukua keki, mwingine ukumbi, mwingine vinywaji, na siku yenyewe majina husomwa kwenye kipaza sauti. Benedict alichukua bodi na rangi. Jovitha, anayeishi na mama yao na kuendesha duka, alichukua viti. Godbless, kitinda mimba, alichukua injini, na alipoona injini ikifunikwa na boneti haionekani, akaongeza redio. Breki hazikuchukuliwa na mtu kwa sababu hakuna aliyeziandika. Kwenye harusi hakuna breki.

"Shilingi ngapi?" Jovitha aliuliza.

"Vifaa na ufundi, laki saba. Vifaa vya Pijo siku hizi unavitafuta kama dawa. Lakini Gerezani nitavipata."

"Ukivipata, kazi siku ngapi?"

"Siku moja, nikiachwa nifanye kazi."

*

Ijumaa mchana kaka zake Jovitha walikuja dukani. Benedict alikuwa ameacha mzigo wa mataulo ukishushwa mbele ya duka lake, mtaa wa Kongo, na alisimama karibu na mlango kama mtu aliyeegesha vibaya. Jovitha alikuwa akifunga dazeni ya sahani kwa magazeti. Wateja walikuwa watano, wote wa Krismasi.

"Breki ni mitambo," Benedict alisema. "Mitambo ni Godbless."

"Mimi nilichukua injini," Godbless akajibu. "Injini kazi yake gari iende. Breki ni kazi nyingine, tena ya kinyume."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi, kaka. Fungua kundi usome. Uliandika mwenyewe: Godbless, injini. Hukuandika mitambo."

Benedict alifungua simu, akapandisha meseji za miezi tisa kwa kidole, akasoma. Ilikuwa imeandikwa hivyo. Alirudisha simu mfukoni.

"Tugawane watatu," Jovitha alisema. "Haifiki laki mbili na nusu kila mtu."

"Desemba hii? Kila shilingi yangu imelala kwenye mzigo, Jovitha. Nikiiamsha leo, Januari nafunga duka."

"Mimi ndiyo usiniguse kabisa," Godbless alisema. "Nimeshaweka redio nje ya kipengele changu. Hiyo nayo hamjanishukuru."

"Nani alikutuma redio?"

"Nani alikutuma bampa? Bampa zilikuwepo."

"Jamani," mama mmoja mnene aliyekuwa akisubiri mabakuli alisema, "ninyi gombaneni taratibu, hamna shida. Lakini mimi nipeni mabakuli yangu niondoke, nimeacha wali jikoni Magomeni."

Jovitha alimpa mabakuli. Kuhusu pesa, kaka zake hawakuwa waongo. Wafanyabiashara wa Kariakoo hawana fedha Desemba, wana bidhaa. Yeye mwenyewe alikuwa na elfu tisini kwenye simu, na fedha za duka zilikuwa za mama yake.

"Basi mama apande basi," alisema.

"Ukoo umeshaambiwa anakuja na Pijo," Benedict alisema. "Baba mdogo ameshatafuta mtu wa video getini Rombo. Unataka nimpigie nimwambie nini? Kwamba gari limepakwa rangi, lina televisheni, ila halina breki?"

"Ndiyo. Ndivyo lilivyo."

"Watasema watoto wa Isidori ni watu wa maonyesho."

Jovitha alichukua sahani nyingine, akaifunga.

"Nitaendesha kwa gia," Benedict aliendelea. "Taratibu. Mzee mwisho mwisho alikuwa anatumia gia."

"Mzee mwisho mwisho alikuwa anatoka hapa anaishia Upanga, hospitali. Wewe unakwenda kilomita mia sita, na malori."

"Tutaona. Jumapili kwanza lipelekwe kanisani likabarikiwe, Padre ameshapanga. Na mama asiambiwe. Presha yake mnaijua."

Hapo wote watatu walikubaliana. Jovitha naye alikubali. Lilikuwa jambo la kwanza ambalo kamati ilipitisha bila ubishi tangu Machi.

*

Kutoka dukani mpaka kanisani hakuzidi mita mia nane, lakini Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi mita hizo zilikuwa zimejaa meza za bidhaa pande zote mbili. Benedict alikaa kwenye usukani amevaa suti. Mama Theopista alikaa mbele, kushoto kwake, na kitenge kipya na mkufu wa rozari mkononi. Jovitha na Godbless walikaa nyuma. Fundi Awadhi alitembea kwa miguu sambamba na gurudumu la nyuma, ameshika kigingi cha mti kilichofungwa kamba.

"Fundi kwa nini hapandi?" Theopista aliuliza.

"Anasikiliza injini, mama," Benedict alisema.

"Mwambie apande aisikilize akiwa amekaa. Nafasi ipo."

"Anasikia vizuri akiwa nje."

Theopista alishusha kioo. "Fundi, pole na jua hilo. Utaumwa."

"Niko sawa, mama," Awadhi alisema, bila kutoa macho kwenye gurudumu.

Kila watu walipojaa mbele, Benedict alizima injini na kuvuta breki ya mkono, na mara mbili ilipokataa Awadhi alitupa kigingi chini ya gurudumu. Gari liliruka kidogo na kusimama. Theopista alidhani ni mashimo. Alikuwa akiwapungia mkono wenye maduka aliowajua, naye alikuwa na furaha ya wazi, ya mtu aliyekaa mwaka mzima ndani na nguo nyeusi. Jovitha alimwona kwa nyuma, shingo na hereni.

Padre alinyunyiza maji ya baraka kwenye boneti, kwenye milango na ndani. Aliomba gari liwafikishe salama waendako na kuwarudisha salama. Akauliza dereva ni nani, Benedict akainua mkono, Padre akamnyunyizia naye. Waumini walipiga makofi. Mzee mmoja wa jumuiya aligusa rangi na kusema laiti Isidori angeona hii.

Wakati wa kutoka, geti la kanisa lilikuwa na mteremko mdogo. Usingekuwa mteremko kwa gari jingine lolote. Awadhi alikuwa upande wa pili, amezuiwa na watu waliokuwa wakipiga picha. Gari liliteleza taratibu, bila kelele, likapita geti, likapandisha bampa juu ya meza ya maua ya plastiki na taa za Krismasi, na meza ikalala chini pamoja na kila kilichokuwa juu yake. Hapo ndipo kigingi kilipofika.

Mwenye meza, mwanamke aliyeitwa Swaumu, hakupiga kelele. Alizunguka mbele ya gari, akalitazama, akamtazama Benedict.

"Baba, hii ni gari au ni picha ya gari?"

"Samahani, dada. Klachi."

"Klachi." Aliwageukia wenzake. "Anasema klachi. Suti hiyo, televisheni hiyo, kumbe hujafundishwa klachi."

"Ni kiasi gani vyote?"

"Maua elfu ishirini. Taa elfu thelathini na tano. Meza sikudai, nimeikuta imeoza. Na hela ya kunishtua utaangalia mwenyewe, wewe ni mtu wa kanisa."

Watu walicheka. Benedict alihesabu noti mbele yao, jasho likimtoka kwenye kola, na Swaumu alizihesabu tena. Padre alikuwa amesimama getini na kikombe cha maji ya baraka mkononi.

"Beni, klachi imefanya nini?" Theopista aliuliza gari lilipoanza kusogea tena.

"Mpya, mama. Bado haijazoea."

*

Jumatatu saa moja asubuhi Jovitha alimwambia Awadhi afungue viti.

"Vyote?"

"Vyote. Viti ni kipengele changu."

"Kaka yako anajua?"

"Kaka yangu anauza mataulo."

Awadhi alifungua boliti kumi na sita. Walivipakia kwenye mkokoteni, viti viwili vya mbele na kile kirefu cha nyuma, na Jovitha akaandamana navyo mpaka Gerezani, kwa Mgeni, mfanyabiashara wa vifaa vya magari ya mitumba aliyemuuzia. Mgeni alivigeuza, akavikagua kwa chini, akabonyeza ngozi kama mtu anayenunua parachichi.

"Nilikuuzia milioni moja na laki nne," alisema. "Nakupa laki saba."

"Havijakaliwa wiki tatu."

"Vimekaliwa. Na vimemwagiwa maji, ona doa hili."

"Hayo ni maji ya baraka."

"Basi baraka mbaki nazo, mimi naona doa." Mgeni aliketi kwenye kimojawapo. "Dada yangu, sikutanii. Mtu anayeuza Desemba ishirini ana shida. Ningekuwa mimi nina shida ungenipa ngapi?"

Jovitha alifikiri. "Laki saba."

"Umeona."

Alichukua laki saba na elfu ishirini. Alikuwa amekaa miezi saba akivilipia viti hivyo kidogo kidogo, na alijua kwamba hasara haikupungua kwa kuwa ya lazima. Awadhi alizunguka maduka manne mpaka akapata masta na silinda. Paipu zilikatwa na kukunjwa upya na fundi mwingine. Saa kumi na moja jioni Awadhi alimwita Jovitha uani, akamweka kwenye usukani, akamwambia akanyage. Pedeli ilishuka nusu, ikagoma. Akamwambia akanyage tena. Ikagoma palepale.

Viti vya zamani vilikuwa stoo, chini ya makatoni. Springi mbili za kile cha mbele zilikuwa zimetoboa kitambaa. Awadhi alizikunja kwa koleo, akavirudisha vyote mahali pake.

*

Benedict alifika Jumanne saa kumi na mbili asubuhi na begi na kofia. Alifungua mlango wa gari na kubaki ameushika.

"Viti viko wapi?"

"Nimeviuza."

"Umeuza viti."

"Nimenunua breki."

"Kwa ruhusa ya nani? Hii ni kamati, Jovitha. Mimi mwenyekiti nakuja asubuhi nakuta gari limenyonyolewa." Alizunguka gari zima kuona kama kuna kitu kingine kilichouzwa. "Tutaingia Rombo na haya madubwana? Mtu wa video atapiga nini humu ndani?"

"Mwambie apige nje. Nje ni kwako."

"Dada kafanya fujo lakini breki zipo," Godbless alisema. "Tuondoke, foleni ya Kimara inaanza."

"Wewe nyamaza, injini."

Theopista, aliyesikia yote akiwa mlangoni, alitoka na kikapu cha chakula cha njiani. Alitazama ndani ya gari kwa muda mrefu. Alikuwa amewaelezea majirani wa mtaa mzima kuhusu viti hivyo, na wawili kati yao walikuwa wamesimama hapo kumsindikiza.

"Jovitha," alisema kwa sauti ya chini, "ulishindwa nini kunionea huruma? Ungesubiri turudi."

"Pole, mama."

"Pole haikaliwi."

Alikunja kanga mara nne, akaitandika juu ya springi, akakaa. Benedict aliwasha gari, na wakatoka na kuingia barabara ya Msimbazi kimya kimya, isipokuwa redio, ambayo Godbless aliiwasha ili angalau kipengele kimoja kifanye kazi.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Walipita kituo cha Fire, wakashika barabara ya Morogoro, na Benedict, ambaye kwa hasira alikuwa amesahau mpango wake wa kwenda taratibu, aliteremka kuelekea bonde la Jangwani kwa mwendo wa watu wengine wote. Mkokoteni wa mbao ulitoka kushoto, ukavuka mbele yao. Msukumaji alikuwa ameinama, anatazama miguu yake. Benedict alikanyaga. Magurudumu yalilia juu ya lami, kikapu kikatoka mapajani kwa Theopista, chapati zikamwagika, na gari likasimama. Kati ya bampa na mbao palibaki nafasi ya kupitisha mkono. Msukumaji aligeuka, akawaona, akasukuma mkokoteni wake kwa haraka mpaka ng'ambo.

Benedict alisogeza gari pembeni, akazima injini. Godbless alizima redio.

Theopista alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Aliuza vyombo Kariakoo miaka arobaini, na hesabu rahisi hazikumpita.

"Jana Jovitha ameuza viti akanunua breki," alisema. "Si ndiyo?"

"Ndiyo, mama," Jovitha alisema.

"Juzi, kwenda kanisani, zilikuwepo breki gani?"

Benedict alikuwa akifuta usukani kwa kiganja.

"Beni. Nimekuuliza wewe. Ndiwe uliyekuwa unaendesha."

"Fundi alikuwepo pembeni, mama. Na kigingi. Hatukutaka kukupandisha presha."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na leo ungenipakia hivyohivyo mpaka Rombo."

"Ningetumia gia."

"Godbless?"

"Nilijua, mama. Lakini breki haikuwa—"

"Jovitha?"

"Nilijua."

"Na ukapanda, ukakaa nyuma yangu, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Theopista aliinama, akaokota chapati moja moja kutoka miguuni, akazipangusa na kuzirudisha kwenye kikapu. Alichukua muda wake. Magari yaliwapita na kuwarushia maji ya matope, na rangi ya maziwa ikawa ya tope upande mmoja wote.

"Ukiacha Beni, nani ana leseni?"

"Mimi," Jovitha alisema.

"Njoo mbele. Beni, hamia nyuma."

"Mama, si sawa. Mimi nimezoea gari kubwa. Na Jovitha ndiye aliyeuza mali ya—"

"Hamia nyuma, Benedict."

Alishuka. Walipishana mlangoni bila kutazamana. Jovitha alisogeza kiti mbele, kwa shida, maana reli yake ilikuwa na kutu, akarekebisha kioo, na kabla ya kuwasha alikanyaga breki.

"Inashika?" mama yake aliuliza.

"Inashika."

"Basi twende."

Walivuka bonde, wakapanda Magomeni. Benedict alikuwa amekaa katikati ya mabegi, magoti yakigusa kidevu, kofia mkononi. Walifika Ubungo. Hapo aliinama mbele, katikati ya viti viwili, akaongea kwa sauti ya kubembeleza ambayo wadogo zake hawakuwahi kuisikia.

"Mama, tukifika Himo nirudi kwenye usukani. Ni pale tu, mpaka getini. Ukoo wote utakuwa umesimama nje."

"Najua watakuwa wamesimama," Theopista alisema.

"Wataniona nimeendeshwa. Mtoto wa kwanza."

Theopista alitoa chapati kwenye kikapu, akaikata vipande viwili, akampa Jovitha kimoja.

"Watakuona," alisema.